Lupus inayorudi kila dawa ikipunguzwa: je, kumbukumbu ya kinga inafutika?

Swali la msomaji: “Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, ana lupus na figo zimeguswa. Anatumia prednisoloni, haidroksiklorokwini na mikofenolati. Kila daktari akishusha prednisoloni chini ya miligramu 10, viungo vinavimba na protini kwenye mkojo inapanda. Nimesikia Ujerumani kuna wagonjwa waliofutiwa ‘kumbukumbu’ ya kinga wakaacha dawa zote. Ni kweli? Kwa nini dawa zake hazifanyi hivyo? Tuuze kiwanja tumpeleke, au kuna la kufanya hapa?”

Ni kweli, lakini kiwanja msikiuze. Wagonjwa wa Ujerumani wapo na matokeo yao yamechapishwa, ila tiba yenyewe bado ni ya majaribio, na mdogo wako ana hatua kadhaa za kupitia hapa nyumbani kabla jina lake halijafaa kuandikwa kwenye orodha kama ile. Ili hatua hizo zieleweke, kwanza tuone ugonjwa unajificha wapi kila prednisoloni inaposhushwa.

Kinga huweka kumbukumbu yake ndani ya seli, na seli hizo si za aina moja. Kuna seli B za kumbukumbu, ambazo zilishakutana na adui wao zamani. Katika lupus, “adui” huyo ni DNA na protini za kiini cha seli zetu wenyewe. Seli hizo hukaa kimya kwenye wengu na tezi za limfu, chache zikizunguka kwenye damu, na zikichokozwa hugeuka ndani ya siku chache kuwa seli zinazomwaga kingamwili. Kuna seli za plazma, viwanda vyenyewe vya kingamwili: nyingine huishi siku au wiki chache tu, nyingine huhamia kwenye uboho wa mifupa na kudumu miaka mingi. Halafu kuna seli T za kumbukumbu, ambazo baadhi hazizunguki kabisa. Zimejenga makazi kwenye ngozi, utumbo au figo, na ukipima damu huzioni.

Sasa zitazame dawa zake moja moja. Prednisoloni hufanya kazi kama moshi wa mrina asali: nyuki wanatulia, mzinga uko palepale. Mikofenolati huzinyima limfosaiti, yaani seli B na T, malighafi ya kutengenezea DNA, kwa hiyo hukamata zile zinazogawanyika. Seli ya kumbukumbu iliyolala haigawanyiki, na seli ya plazma iliyokomaa haigawanyiki kamwe, hivyo zote mbili zinapita salama. Haidroksiklorokwini huingia kwenye vifuko vyenye asidi ndani ya seli na kudhoofisha vipokezi vya TLR7 na TLR9, vile vinavyonusa RNA na DNA na kuiamsha seli B. Haifuti kitu, ila inapunguza kelele za kuamsha. Ndiyo maana dawa hii inayodharauliwa kwa kuwa “ya malaria” ndiyo ambayo mgonjwa wa lupus hapaswi kuiacha hata ugonjwa ukiwa umetulia.

Kwa hiyo ugonjwa kuamka kila dozi inaposhuka si lazima iwe kosa la mdogo wako wala la daktari. Dawa hizo zimeundwa kudhibiti, na zinadhibiti. Kufuta ni kazi nyingine.

Jaribio la kwanza la kufuta kwa upana lilikuwa rituksimabu, dawa ya dripu inayoshika alama ya CD20 kwenye seli B na kuziua. Ilianza kama dawa ya saratani ya limfu mwaka 1997, na mwaka 2006 ikaidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi. Kwenye lupus madaktari wengi waliona wagonjwa wao wakipata nafuu, lakini majaribio mawili makubwa, EXPLORER mwaka 2010 na LUNAR mwaka 2012, hayakufikia lengo. Sababu zinazotajwa zaidi ni tatu. Kwanza, seli za plazma hazina CD20, kwa hiyo dawa inazipita. Pili, dawa husafisha damu vizuri kuliko inavyosafisha wengu na tezi za limfu, ambako ndiko kumbukumbu ilikolala. Tatu, seli B zikipungua, protini iitwayo BAFF inayozilisha hupanda, na wakati wa kurudi seli mbaya zinakuta chakula tele. Ndiyo mantiki ya kufuatisha rituksimabu na belimumabu, inayozuia BAFF. Jaribio dogo la Uingereza la wagonjwa 52, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba kufanya hivyo hushusha kingamwili dhidi ya DNA na kupunguza milipuko mikali. Obinutuzumabu nayo hushika CD20 lakini inaua kwa nguvu zaidi. Katika jaribio la REGENCY la mwaka 2025, asilimia 46.4 ya wagonjwa wa figo za lupus waliopewa dawa hiyo pamoja na matibabu ya kawaida walipata nafuu kamili ya figo kufikia wiki ya 76, dhidi ya asilimia 33.1 ya waliopata matibabu ya kawaida peke yake.

Hapo ndipo Erlangen, mji wa Ujerumani, inapoingia. Timu ya Georg Schett ilichukua mbinu ya saratani iitwayo CAR-T na kuielekeza kwenye lupus. Mgonjwa wa kwanza, msichana wa miaka 20, aliripotiwa mwaka 2021. Mwaka 2022 ikafuata taarifa ya wagonjwa watano. Na Februari 2024 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 15: wanane wa lupus, watatu wa ugonjwa wa misuli unaotokana na kinga, na wanne wa ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Wote wanane wa lupus waliingia kwenye nafuu kamili, na wote 15 waliacha prednisoloni na dawa nyingine za kushusha kinga, baada ya kufuatiliwa kwa wastani wa miezi 15.

Inavyofanyika ni hivi. Mgonjwa kwanza hupunguziwa prednisoloni na kusimamishiwa mikofenolati, kwa sababu dawa hizo huzidhoofisha zile seli T ambazo ndizo zitakazotumika. Halafu hulazwa kwenye mashine inayochuja damu kwa saa kadhaa, ikitoa seli nyeupe na kurudisha zilizobaki mwilini. Maabara huzichukua seli T, huziingizia jeni kwa kirusi kilichopokonywa uwezo wa kuzaliana, ili ziote kipokezi kinachoshika CD19, alama nyingine ya seli B, na kuzikuza kwa takriban siku 12. Wakati huo mgonjwa hupewa fludarabini miligramu 25 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku tatu, na siklofosfamidi gramu 1 kwa mita ya mraba mara moja, ili kuzipisha nafasi seli zinazokuja. Mwisho ni mfuko mdogo wa dripu: seli milioni 1 kwa kila kilo. Kwa mwenye kilo 60 ni seli milioni 60, na hazirudiwi.

Tofauti na rituksimabu ni kwamba seli hizi zinatembea zenyewe. Zinaingia kwenye tezi za limfu na kuzaliana humo. Timu hiyohiyo ilipotoa vipande vya tezi na kuviangalia kwa darubini, waliopewa CAR-T hawakuonekana kuwa na seli B humo, ilhali waliopewa rituksimabu walikuwa nazo bado hata damu yao ikisoma sifuri. Seli B mpya zilianza kurudi baada ya wastani wa siku 112, na zilizorudi zilikuwa changa, ambazo hazijakutana na kitu. Kingamwili dhidi ya DNA hazikurudi nazo. Nalo jambo zuri ni kwamba kingamwili za chanjo za zamani, kama surua na pepopunda, kwa sehemu kubwa zilibaki, kwa kuwa hutengenezwa na zile seli za plazma za uboho ambazo nyingi hazina CD19.

Lakini hilohilo linaonyesha mpaka wa tiba. Kingamwili dhidi ya DNA hutoka zaidi kwenye seli za plazma za muda mfupi. Ukikata chanzo, zinakauka. Kingamwili dhidi ya Ro, ambazo wagonjwa wengi wa lupus wanazo, mara nyingi hutoka kwenye seli za muda mrefu na hubaki. Na yupo mgonjwa mmoja wa ugonjwa wa misuli, aliyeripotiwa mwaka 2025, ambaye ugonjwa ulimrudia baada ya CAR-T ya CD19. Kuirudia haikutosha, ikabidi apewe CAR-T nyingine inayoshika BCMA, alama ya seli za plazma. Kumbukumbu yake ilikuwa imejificha ghorofa ya pili.

Wala usidhani kila kufuta ni kuponya. Alemtuzumabu, dawa ya ugonjwa wa neva uitwao malitipo sklerosisi, hufagia seli T na B kwa pamoja, na takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huishia na ugonjwa mpya wa tezi ya shingo unaosababishwa na kinga, kwa sababu seli B hurudi haraka kabla seli T za kuzisimamia hazijarudi. Atasisepti, kwenye ugonjwa huohuo, ilipunguza seli B na za plazma lakini ikaziacha zile za kumbukumbu; wagonjwa wakazidiwa na majaribio yakasimamishwa mwaka 2009. Unachofuta, na unachoacha, ndicho kinachoamua.

Hatari za CAR-T yenyewe: homa kali ya siku za mwanzo, seli zinapomwaga IL-6, kemikali ya kinga inayoleta homa. Kati ya wale 15, wengi waliipata kwa kiwango chepesi. Dawa yake ni tosilizumabu. Baadhi ya wagonjwa huchanganyikiwa au kutetemeka kwa muda. Chembe za damu hushuka kwa wiki kadhaa, na kwa miezi mingi maambukizi hupata mwanya. Siklofosfamidi inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa, jambo la kuulizwa kabla na si baada kwa mwanamke wa miaka 27. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za CAR-T za saratani ziwekewe onyo kuhusu saratani za seli T zilizoonekana, kwa nadra, baadaye.

Kuhusu fedha. Bidhaa za kwanza za CAR-T kwa saratani ziliingia sokoni Marekani mwaka 2017 kwa bei ya kati ya dola 373,000 na 475,000, kabla ya gharama za kulazwa. India, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa, iliidhinisha Oktoba 2023 bidhaa yake iitwayo NexCAR19, iliyotokana na IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial, kwa bei ya chini mara nyingi, lakini ni ya saratani za seli B. Hadi kufikia 2025 Marekani haikuwa imesajili CAR-T yoyote kwa ajili ya lupus. Maana yake njia halali ni jaribio la kitabibu lililosajiliwa, ambako kwa kawaida mgonjwa hauziwi bidhaa inayojaribiwa. Mtu akikutumia ujumbe kwamba kliniki yake “inafuta kumbukumbu ya kinga” kwa seli shina na kukutajia bei, mwombe namba ya usajili wa jaribio kwenye ClinicalTrials.gov, tovuti ya kusajili majaribio ya tiba. Hana? Usimjibu tena.

Na kuna jambo moja la kupimwa kabla ya ndoto yoyote ya kufuta kumbukumbu: je, ile protini kwenye mkojo ni ya ugonjwa ulio hai au ni ya kovu? Figo ikishapata makovu itavujisha protini hata kinga ikinyamaza kabisa, na hakuna CAR-T wala rituksimabu inayorudisha kichujio kilichokufa. Uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo ukizidi gramu 0.5 kwa gramu, kipande cha figo kitolewe kama kinawezekana. Kikisoma ugonjwa hai, dawa zaidi. Kikisoma makovu, kazi ni presha, dawa za kundi la enalaprili au losartani, na kuacha kumrundikia prednisoloni bure.

Baada ya hapo kagueni dozi. Haidroksiklorokwini ni miligramu 5 kwa kilo kwa siku, isizidi. Mwenye kilo 60 anahitaji 300, na kwa kuwa vidonge vingi ni vya 200, anakunywa kimoja leo na viwili kesho. Hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka kwa takriban siku 40, na hapo ndipo mtego ulipo: akiikosa kwa muda kwa sababu duka la dawa liliishiwa, mwanzoni hasikii kitu, ugonjwa unaweza kuamka baadaye, na lawama inaangukia kupunguzwa kwa prednisoloni. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, mapema zaidi figo zikiwa dhaifu. Na isigawiwe ndugu mwenye homa. Malaria yetu ilishazoea dawa za kundi hilo.

Mikofenolati mofetili kwa figo iliyo hai ni gramu 2 hadi 3 kwa siku kwa mgawo wa mara mbili. Wengi wanaoambiwa “dawa imeshindwa” wako kwenye gramu 1. Wengine wanaimeza pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, vitu vinavyozuia isinyonywe vizuri. Watenganishe kwa saa kadhaa. Dawa hii huharibu mimba, hivyo akipanga kuzaa ibadilishwe, mara nyingi kwa azathioprini, angalau wiki sita kabla. Prednisoloni lengo ni miligramu 5 au chini, ila ikifika hapo ishuke kidogo kidogo, na isikatwe ghafla, kwani tezi za juu ya figo zimekwishazoea kupumzika.

Ugonjwa ukiamka tena, msikimbilie kupandisha dozi kabla ya kutafuta maambukizi. Lupus ikiamka yenyewe, protini za kinga za C3 na C4 hushuka, kingamwili dhidi ya DNA hupanda, na CRP, kipimo cha damu cha uvimbe, mara nyingi haipandi sana. CRP ikiruka juu, fikirieni malaria, maambukizi ya mkojo, kifua kikuu.

Ikiwa haya yote yako sawa na bado ugonjwa unarudi, basi rituksimabu ni hatua ya kuzungumzwa, na hiyo inapatikana katika ukanda wetu. Maandalizi ndiyo yanayoamua kama itamsaidia au itamdhuru. Homa ya ini B ipimwe kwa vipimo viwili, HBsAg na kingamwili ya kiini cha kirusi. Wengi hupima cha kwanza tu, na kirusi kilicholala huamka na kuua ini. Kikionekana, entekaviri au tenofoviri huanza kabla na huendelea miezi 12 hadi 18 baada ya dozi ya mwisho. VVU, picha ya kifua na kipimo cha kifua kikuu kilicholala. Kiwango cha IgG, kingamwili kuu za damu. Ivamektini dozi moja ya mikrogramu 200 kwa kilo kwa ajili ya minyoo ya strongiloidi, ambayo prednisoloni nyingi huifanya isambae mwilini. Msomaji wa misitu ya Kongo apimwe kwanza minyoo ya loa loa, maana ivamektini humdhuru mwenye minyoo hiyo kwa wingi. Chanjo zisizo hai, kama ya nimonia na ya homa ya ini B, zitolewe angalau wiki nne kabla.

Siku yenyewe ni paracetamoli, dawa ya mzio na methiliprednisoloni miligramu 100 nusu saa kabla, kisha gramu 1 ya rituksimabu ikianza miligramu 50 kwa saa na kuongezwa 50 kila nusu saa hadi 400. Koo likiwasha au presha ikishuka, dripu inasimamishwa, na hali ikitulia inaanza tena kwa nusu ya mwendo. Dozi ya pili ni siku ya 15. Baadaye apimwe CD19, si CD20, kwa kuwa dawa yenyewe huifunika CD20 na maabara itasoma sifuri ya uongo. Maabara ikiweza kupima CD27 ni bora zaidi: seli B zikirudi zikiwa nyingi za CD27, ni za kumbukumbu, na ugonjwa uko njiani.

Mwambieni kila mhudumu kwamba ana lupus kabla ya kupewa Septrini, ambayo hutolewa kuzuia nimonia kwa wenye kinga iliyoshuka. Dawa za salfa huwaletea baadhi ya wagonjwa wa lupus vipele vikali au kuamka kwa ugonjwa, zipo mbadala. SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, ni ya ukoo huohuo.

Wenye soriasisi au mabaka meupe ya ngozi wanaosoma jibu hili, hadithi yenu ni ya seli T zile zisizozunguka. Ndiyo maana baka hurudi palepale lilipokuwa. Kusafisha damu hakuzigusi. Krimu ya ruksolitinibu ya asilimia 1.5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa mabaka meupe, hupakwa mara mbili kwa siku na hurudisha rangi, lakini kwa wengi baka hurudi wakiacha, kwa kuwa seli zimenyamazishwa tu. Kinachojaribiwa sasa ni kuzinyima IL-15, kemikali ya kinga zinayoihitaji ili ziishi.

Mwisho, kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, na akiwa kwenye dawa hizi hachanjwi mpakani eti kwa sababu kadi imekosekana. Daktari amwandikie cheti cha msamaha wa kitabibu ndani ya kadi hiyo, chenye sahihi na mhuri, wiki kadhaa kabla ya safari yoyote.